Maoni Yetu Kuhusu Uwanja wa Langas

Alhamisi usiku

Nimechukizwa mpaka ugali umenishinda.

Leo watu wa kaunti walituita kanisani tutoe maoni: ule uwanja wao hapa Langas ufanyiwe nini? Jirani yangu Mama Nekesa aliongea vizuri sana. Alisema watoto wetu hawana pengine pa kuchezea, waachiwe uwanja, na kama kaunti inataka soko, lijengwe upande wa barabara. Tukampigia makofi.

Afisa akatabasamu. "Asante Mama, maoni yako tumeyachukua."

Kutoka nje, tunakuta tingatinga uwanjani. Goli moja limeshang'olewa. Dereva akasema yeye alianza kuchimba asubuhi, ati hapo yanajengwa maduka ya ghorofa.

Yaani sisi tunaomba, wao wanachimba! Shenzi kabisa.

Mama Nekesa alirudi ndani akamshika afisa mkono. "Kijana, twende nje uniambie hayo maneno tena ukiangalia hilo shimo."

Akakataa. Akajitoa, akapitia mlango wa nyuma, mbio.

Kesho akina mama tunaenda kukaa mbele ya hilo tingatinga. Polisi nawaogopa, sitadanganya. Lakini nimeshamwambia Mama Nekesa anipitie.