Sindano Chini ya Mto wa Mume Wangu

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo. Naomba msaada, na ukianza kucheka naomba ucheke taratibu, maana hata mimi nikiwa peke yangu nacheka halafu nalia. Mimi ni msusi, nimesuka vichwa vya watu tangu sijaolewa, na ninachosifika nacho ni kushonea nywele za bandia, kazi ya uzi mweusi na ile sindano iliyopinda, na nina mazoea yangu kwamba nikimaliza kichwa nachukua kishungi cha nywele zilizobaki, nachomeka sindano humo, naizungushia uzi na kupiga fundo ili isipotee wala isimchome mtu, kisha naitia mfukoni mwa aproni. Hayo yashike, utayahitaji.

Sasa mgongo ukaanza kuniuma, vidole vikavimba, wateja wakapungua, mume wangu akirudi kazini anaangalia simu tu, na mimi badala ya kukumbuka kwamba nashinda nimesimama nimeinamia kichwa cha mtu, nikasema hapa kuna mkono wa mtu. Nikaenda kwa mtaalamu mmoja, akafumba macho akaniambia adui yangu ni mwanamke na analala chini ya paa langu. Mama, chini ya paa langu wanawake ni wawili, wifi yangu na mimi, na akili haikunituma kabisa kujihesabu. Wifi ni dada wa mume wangu, mpole, si msemaji, mchana alikuwa analea watoto wa majirani pamoja na mwanangu, na hiyo ndiyo kazi iliyokuwa inamlisha, lakini mimi nikaanza kumchunguza, nikaona kila jioni anaokota nywele sakafuni anakwenda kuzichoma nyuma ya nyumba, na akiosha vyombo anacheka peke yake, nikasema haya, kazi imekwisha, nimemjua.

Siku moja natandika kitanda, nainua mto wa mume wangu, nakuta kishungi cha nywele kimefungwa uzi mweusi, ndani yake sindano iliyopinda. Nilipiga ukelele mpaka majirani wakajaa uani, nikakinyanyua juu nikasema, “Jamani, nani amewahi kuona sindano iliyopinda kama si ya kichawi?” Nilisema hivyo mimi, Mama, nikiwa nimevaa aproni. Wifi akaniambia, “Wifi, hebu itazame vizuri,” nikamjibu, “Usinisogelee!” Mume wangu akamwambia dada yake akusanye vitu vyake, wifi akaenda kwa mama mkwe, na wale akina mama wakachukua watoto wao siku hiyo hiyo, na sasa akipita mtaani wanawaita watoto waingie ndani.

Juzi nipo saluni, mteja yuko nusu kichwa, natia mkono mfukoni natoa kitu kama kile kile. Nikakirusha nikapanda juu ya kiti, mteja akatoka mbio na nusu ya nywele zake. Msusi mwenzangu akakiokota akasema, “We dada, sindano yako mwenyewe unaitupa ya nini?” Nikamwambia nimeona mende. Kumbe hata ile ya kitandani ilikuwa yangu, maana nikirudi nyumbani aproni naibwaga kitandani, na vya mfukoni vinadondoka.

Hakuna anayejua zaidi yangu. Mume wangu ananisifu kwamba nina jicho kali, na mwanangu kila asubuhi anamuulizia shangazi yake. Nimewaza nimrudie yule mtaalamu atangaze kwamba uchawi umetoka, kisha mimi nimsamehe wifi mbele ya watu, arudi, yaishe, kila mtu abaki na heshima yake. Nisaidie jinsi ya kulipanga vizuri.

Ni mimi, Jicho Kali.

*

Jicho Kali, marahaba. Nimecheka, tena sana, mpaka nilipofika pale unapotaka kumsamehe wifi yako. Hapo kicheko kiliniisha. Umsamehe nini? Unataka abebe kosa ambalo halipo, halafu akushukuru kwa kumtua mzigo uliomtwika mwenyewe?

Huyo mtaalamu usimpe sifa. Adui ni mwanamke na yumo ndani: nitajie nyumba ambayo maneno hayo hayaingii. Alikuuliza unafanya kazi gani? Hakukuuliza. Mgongo wako unataka daktari na kiti cha kukalia ukisuka. Wateja wako, kamuulize yule uliyemwacha nusu kichwa. Na mume anayekodolea simu hajarogwa, mwambie aiweke chini mzungumze.

Nakuuliza, zile nywele alizokuwa akichoma zilitoka wapi? Kwenye nguo zako, bibie. Alikuwa anaziokota zisiingie midomoni mwa watoto wanaotambaa, na mmoja wao ni wako. Siku ile alikuambia uitazame vizuri. Alijua ni yako, mwanangu. Angeweza kukuumbua palepale, akakuachia nafasi ya kujisemea mwenyewe, nawe ukamfukuza. Roho yangu imeuma kwa ajili yake. Neno ulilolipigia ukelele uani limewahi kuwatoa watu roho, na yeye bado anatembea nalo mgongoni.

Basi sikiliza. Leo mwambie mumeo, naye ana lake la kujibu, maana alimtoa dada yake bila kuuliza swali hata moja. Kesho mchana nendeni wote wawili kwa mama mkwe. Mkirudi, waite majirani kwa sauti ile ile ya siku ile, vaa aproni, shika nywele, uzi na sindano, upige fundo lako mbele yao mpaka kila mama aone na aelewe ni nani wa kumwomba radhi. Watakucheka. Waache wacheke. Na wifi yako asipotaka kurudi usinune, nenda tena.

Ukifika mlangoni kwa mama mkwe, usianze na habari za shetani wala mitihani ya dunia. Fungua kiganja, mwonyeshe, umwambie: “Wifi, nimeitazama vizuri. Ni yangu.”