Miche ya Baba

Coldrigg, Northumberland
Jumapili, mwisho wa Februari

Mpendwa mdogo wangu Douglas,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limeanza kukuruhusu kuinama bustanini. Huku kwetu baridi bado haijatuachia. Mimi, kusema kweli, si mzima. Moyo umechoka, na daktari ameacha kunipa matumaini. Siku hizi ananiuliza tu kama nina mtu wa kukaa naye. Naandika kitandani, ubao wa jikoni mapajani, kwa hiyo nivumilie mwandiko, wewe uliyezoea kusema mwandiko wangu una maringo.

Barua yako ya Krismasi nimeisoma tena na tena. Nimefurahi kwamba maharagwe yalizaa na viazi vikabaki vya kugawia majirani. Nimesoma pia habari za liki, hao binamu wanene wa kitunguu: kwamba zimetoka tena nyembamba kama vidole, na kwamba wewe umeamua mwaka huu kuufukua udongo wote na kuleta mwingine. Nitarudi hapo.

Habari za kiwanja chetu cha bustani si nzuri. Hilda Pringle, jirani yangu, bado anatawala bustani zote kwa mdomo. Kiangazi alinikuta nimeegemea jembe, akaniuliza, "Mwalimu, unalima au unangoja liki zikusalimie?" Nikamwambia nazipima kwa macho. "Pima jeneza, babu we," akasema, kisha akaninyang'anya jembe na kunimalizia mstari.

Ni yeye aliyeona kwanza. Kabla ya maonyesho ya liki ya Septemba majani yalianza kugeuka manjano. Akaivuta liki moja, ikatoka bila kushikilia, shina limeoza na chini yake ukungu mweupe kama pamba. Hakutania. Alivua kofia. Unaujua ugonjwa huo: ukishaingia udongoni, hapaoti tena liki wala kitunguu kwa miaka mingi kuliko niliyobakiza. Tulizichoma zote, pamoja na ile niliyoiacha itoe miche. Hilda akanishika bega. "Usilie, Mwalimu. Si Douglas anazo? Mwandikie akurudishie."

Nikaingia kibandani nikafunga mlango.

Unakumbuka jinsi Baba alivyokuwa. Hakupanda mbegu, aliacha liki moja bora ichanue, akanyoa maua, na juu ya kichwa kile ikachipuka miche midogo kama nyasi, kila mmoja pacha wa mama yake. Hakumpa mtu wa nje hata mmoja. Wanaume walimnunulia bia wakitaka kumlainisha, aliinywa, akawaaga. Alipokuwa anakufa, mwaka uliofuata ule mgomo wa wachimba makaa, aliniambia nikupe nusu ya miche. Nikamuuliza kama amesahau ulichofanya. Akasema hajasahau, ila wewe ni mwanawe, na miche ni ya wanawe.

Nilimwahidi. Na kila Aprili nimekutumia miche iliyoviringishwa katika gazeti bichi. Douglas, hakuna hata mmoja uliokuwa wa Baba. Yote niliinunua sokoni, kwa muuzaji yeyote.

Nilikuwa nakuadhibu kwa kurudi mgodini wenzako wakiwa bado wamesimama langoni. Nilikuita msaliti mbele ya mkeo, marehemu Maureen, akiwa mjamzito na jiko limezimika kwa kukosa makaa. Nami nilikuwa mwalimu. Sikushuka mgodini hata siku moja, na majira yote yale mshahara wangu haukukosa. Mume wa Hilda alisimama pale langoni hadi mwisho, naye alikusamehe zamani. Mimi niliyekwenda Jumamosi kugawa chai ndiye niliyeshindwa.

Barua zako za vuli nilizingoja kwa hamu. Ulipoandika kwamba liki hazijanenepa, nilipata raha ninayoona aibu kuieleza, kisha nikakaa kukupa ushauri. Nilikushauri chokaa. Nilikushauri samadi ya farasi. Nilikuambia huenda ni kivuli, ukaukata ule mti wa plamu alioupanda Maureen. Uliniandikia kwamba alisimama dirishani hadi ulipomaliza. Hilo nalo nililisoma, na Aprili ilipofika nikaenda tena sokoni.

Kama ningetimiza neno la Baba, liki zake zingekuwa hai kwako leo. Sasa hazipo popote. Si ugonjwa uliozimaliza. Ni mimi.

Leo asubuhi nilimweleza Hilda. Hakunitukana. Alikiosha kikombe nilichonywea, akakirudisha kabatini, akasema nitafute mtu mwingine wa kunipelekea barua posta. Jioni amerudi, koti mwilini, anangoja mlangoni nimalize. "Naipeleka kwa ajili ya Douglas," amesema. "Wewe usinishukuru."

Sikuombi msamaha, sina muda wa kuungoja. Nisalimie binti yako Gwen na watoto wake, na uwaambie wasihangaike kuja. Jambo moja tu nakusihi: usiufukue udongo wako. Ni mzuri. Umekuwa mzuri miaka yote hii, na mikono yako pia.

Kaka yako,
Selwyn