Kibuyu Nilichompa Chepkorir

Mdogo wangu Rael,

Nakusalimu kutoka huku Kanada, nikiwa kitandani. Magoti yako yanavumilia baridi ya Kimulot? Majani chai bado unachuma mwenyewe? Mimi figo zimekataa kazi na daktari hanifichi tena. Barua hii inaletwa na binti wa mchungaji wetu. Sikukuambia haya kwa simu kwa sababu simu yako huishika mwanao Kibet.

Ni Kibet aliyenieleza kwa simu, kwa furaha, kwamba mjukuu wako Cherono ameitwa kwenye kambi ya wanariadha, chini ya kocha yule yule aliyemfundisha mama yake. Siku hiyo hiyo niliomba kalamu.

Unakumbuka nilipokuwa afisa wa michezo. Sera mpya ya serikali iliahidi uwanja katika kila wadi, ili hata mtoto wa mchuma chai acheze. Niliihubiri eneo letu lote la Konoin. Kisha wakubwa wakaniita, wakasema viwanja vitafuata medali. Fedha zikaenda kwanza kambini, kwa wachache waliotarajiwa kushinda. Nasi hatukuwa na wa kushinda ila binti yako Chepkorir.

Kocha alitaka kumdunga sindano ya dawa ya kuongeza kasi. Chepkorir alikataa mbele yangu. "Mjomba, dawa sitaki. Nimekimbia na ugali mpaka hapa, ama hamkuona?"

Baadaye kocha alinivuta kando ya ua, akanipa unga wa dawa katika karatasi. "Mzee, mimi atanikatalia. Lakini wewe ni ndugu wa mama yake."

Alizijua mila zetu. Mtoto wa Kipsigis hakatai anachopewa na mjomba, kwa maana baraka yake iko kwetu wajomba, na laana pia. Niliutia unga ule katika kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Maziwa yale tayari yana weusi wa mkaa, nani angeuona? Kila Jumamosi nilimpelekea. "Mjomba, leo umeleta maziwa ama makaa?" alicheka, kisha akanywa yote kwa heshima.

Alianguka akipanda mbio mlima wa kiwanda cha chai, na hakuamka. Mazishini ulijipiga kifua ukisema ni wewe, uliyemruhusu akimbie akiwa bado ananyonyesha Cherono. Nilikuwa nimekushika mkono, na nikanyamaza. Rael, si wewe. Ni mimi. Na uwanja wa Kimulot haujajengwa mpaka leo.

Sasa sikiliza. Siku ile kwenye simu, kabla hatujaagana, Kibet aliniuliza: "Mjomba, ile mursik ya Chepkorir ulikuwa unaiweka siku ngapi? Kocha anataka nimpelekee Cherono." Nilikata simu. Sijui kama mwanao anajua anachoombwa. Mimi nilijua.

Cherono anaondoka mwisho wa mwezi. Barua hii ikiwahi, msomee yote, Kibet akiwa ameketi hapo. Ikichelewa, nenda kambini wewe mwenyewe, magoti yakiuma au yasiume.

Nisalimie shemeji yangu, mume wako Arap Rono, kama atataka salamu zangu baada ya haya. Nisalimie pia jirani yako Mama Wanjiku wa dukani, aliyeniuzia sukari ya matanga.

Na Cherono mwambie hivi: mjomba wa mama yake amempa ruhusa kukataa kibuyu, hata akipewa na ndugu wa mama yake. Hiyo ndiyo baraka niliyobakiwa nayo.

Kaka yako,
Joel