Kwetu Kitinda Mimba Ndiye Hubaki

Mjukuu wangu Akinyi,

Sabato imepita salama hapa Kisegi, na ng'ombe wako amezaa. Ni magoti yangu tu yanayolalamika.

Umenieleza juu ya yule bwana mkubwa wa Uingereza, mbunge wa karne ya kumi na nane, ambaye kazi yako ni kuwaonyesha wageni jumba lake na picha ya familia yake. Eti kifungua mimba alirithi kila kitu, wadogo zake wakaondoka mikono mitupu. Ukauliza, kwetu je?

Kwetu kitinda mimba ndiye hubaki kwa baba. Babu yako alikuwa wa kwanza, kwa hivyo alfajiri moja tulihama kwenda kuanzisha boma letu. Baba mkwe alitangulia, babu yako akafuata na shoka na jogoo, nami nikabeba makaa ya moto kwenye kigae. Nililia njia nzima. Nilikuwa nimeacha jiko nililolikandika kwa mikono yangu.

"Unalilia nini, mama?" baba mkwe akauliza tulipofika.

"Nyumba yangu, baba."

Akacheka. "Ile ilikuwa yangu. Yako ndiyo hii."

Mbele yetu palikuwa na nyasi tu. Jogoo akawika. Kufikia jioni kibanda kilikuwa kimesimama, moto wangu ukiwaka ndani. Hapo hapo ndipo ninapokuandikia.

Ukipita tena kwenye ile picha, mwache mrithi. Waangalie wale wadogo, kisha uniambie walijenga wapi.

Mimi dani yako