Banda la Boliti

Temeke,
14 Julai 1993

Mwanangu Anwar,

Assalaam aleikum. Sie huku wazima, isipokuwa kifua cha baba yako. Wasiwasi wetu ni wewe na joto la huko Maskati.

Maonyesho yamekwisha. Wenye mabanda wameyavunja yale aliyowajengea baba yako, wakayarundika nyuma ya uzio hapa jirani na kuyatia moto, mbao na plaiwudi na nailoni na rangi zake. Moshi umetuingilia mpaka ndani. Baba yako alikaa kibarazani akikohoa, anatazama kazi ya mikono yake inavyoungua. Akaniambia, "Mama Anwar, mie mwakani sijengi kitu cha kuchomwa." Nilidhani ni hasira tu. Sasa hana mazungumzo mengine.

Mama yako

Maskati,
2 Septemba 1993

Mama,

Shikamoo, na baba mpe yake. Mie mzima, ila kazi nyingi.

Mwambie baba asipigilie misumari. Hapa ghalani rafu zetu ni za boliti. Tunazifungua, tunazihamisha, tunazifunga tena, na mbao haziumii. Jirani yetu Tabu anarudi huko, nimempa mfuko wa boliti na nati.

Likizo yangu ni Juni. Nitamshikia baba upande wa pili wa ubao. Nakumbuka hata lile vumbi la mbao kwenye chai.

Mwanao, Anwar

Temeke,
8 Mei 1994

Mwanangu,

Tunakusalimu sana. Kifua cha baba yako kina nafuu.

Banda la boliti kalimaliza, lakini wateja wamemkimbia. Wanamwambia, "Mzee Mwinshehe, sie tunataka banda jipya kila mwaka. La mwaka jana litatuaibisha." Aliyekubali ni Bernadeta peke yake, yule mtengeneza sabuni wa Manzese.

Nimemwambia atafute kibarua wa kumsaidia kulisimamisha. Hataki. "Anwar anakuja," anasema. Kila jioni anauliza kama pana barua.

Mama yako

Maskati,
11 Juni 1994

Mama,

Shikamoo. Tajiri kaninyima likizo, na pasipoti yangu anayo yeye. Nimembembeleza mpaka basi. Baba asinisubiri. Mwambie taratibu.

Mwanao

Temeke,
17 Julai 1994

Mwanangu Anwar,

Mungu akupe afya na subira.

Nilimsomea baba yako barua yako. Akachukua spana akatoka. Upande wa pili nilishika mie, khanga nimeifunga kiunoni. Banda likasimama, na wapitaji wakawa wanaligonga kuona kama imara kweli.

Siku ya mwisho ya maonyesho wenzetu walivunja yao. Baba yako alifungua boliti mojamoja, anazipangusa. Watu wakamzunguka. Wawili kati ya waliomkimbia wakamuuliza, "Mzee, na sie mwakani utatutengenezea?" Moshi ulikuja vilevile, ila haukuwa na ubao wake hata mmoja.

Bernadeta hana pa kuliweka, kwa hiyo mbao ziko chumbani kwako, zimefika darini. Nilimwambia baba yako azitandaze chumba kizima, maana hakina mtu. Akakataa. Kazibana zote ukutani, kaacha nafasi ya kitanda chako, na kila Ijumaa anafagia pale.

Mama yako