Udongo Uliochoka Kumeza

Jumatatu, 3 Machi
Nimechota maji mara tatu. Nimepalilia hadi mgongo umeuma. Bibi amepiga dawa kabichi, kisha akasuuza bomba la dawa pembeni mwa shamba, juu kidogo ya kisima. Kama siku zote. Husema udongo humeza kila kitu. Alifundishwa na mama yake. Nilitaka kumwambia kwamba dawa itafika kisimani. Nikarudi kupalilia.

Jumatano, 5 Machi
Mvua tangu alfajiri. Maji mekundu yameteremka kutoka shambani hadi kisimani. Kisima kinanuka dawa. Bibi amenusa, akasema ni majani tu, akanywa kikombe kizima. Nimemwangalia akimeza. Nimeogopa.

Shamba hili tunalichoma kila mwaka kabla ya kulima. Limebaki mchanga na kokoto. Shuleni tulisoma kwamba mboji, yaani majani yaliyooza, ndiyo hushika sumu isiteremke na maji. Nililipata swali hilo kwenye mtihani. Nyumbani mdomo haufunguki. Nani amfundishe bibi yake udongo?

Ijumaa, 7 Machi
Nimetoboa makopo mawili. Moja nimejaza udongo wa shamba, la pili udongo mweusi wa chini ya migomba, ambako hatuchomi. Nimeyamwagia maji ya bluu ya kufulia, mbele ya Bibi akichambua mboga.

Bibi akauliza kama miaka minne ya sekondari ndiyo imenifundisha kuchezea bluu yake. Kisha akatazama. Kopo la shamba lilitoa bluu vilevile. La migomba lilitoa maji karibu meupe. Akachukua bluu, akarudia mwenyewe.

"Kumbe shamba limechoka kumeza," akasema. "Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu, Bibi."

"Ukaniacha ninywe?"

Nimelia. Amenifuta uso kwa kanga yake.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya Misa tumechota kwenye chemchemi ya juu, msituni. Mbali. Bibi alipumzika kila kona, nami nikajifanya nimechoka pia.

Majani aliyokusanya ili achome, tumeyatandaza shambani yaoze. Bomba limewekwa darini. Anasema shamba lilitoka kwa mama yake, litakuja kwangu, basi nilifundishe kumeza tena. Miaka mingi hiyo.

Jioni ameniachia ukoko wote wa ugali, ule tunaougombania kila siku.