Lita Milioni Moja za Mfongo

Jumatatu, Soweto, Moshi. Mawingu yamelala tangu asubuhi na mlima hauonekani kabisa. Afadhali. Leo sina hamu ya kutazama huko juu, maana huko juu ndiko kwetu, na kwetu ndiko nilikoumizwa.

Nina hasira na mdogo wangu Deo. Niliamka nayo, nikaenda nayo shuleni, nimewafokea wanafunzi wasio na kosa, nimerudi nayo nyumbani.

Nianze na marehemu baba, ili nieleweke. Baba alikuwa na mchezo wake. Tukikaa kuchambua maharage anatuuliza, gunia hili lina punje ngapi? Hakuna aliyetakiwa kuzihesabu zote. Unahesabu za kijiko kimoja, unakisia vijiko vingapi vinajaza kikombe, vikombe vingapi vinajaza debe, na debe sita ni gunia. Mimi na Deo tulikuwa tunabishana mpaka mama anatufukuza jikoni. Mwisho tunafika kwenye laki mbili na kitu, na baba anacheka kwa furaha kama tumemletea ng'ombe.

Ila alikuwa na sharti. Jibu lazima lianze na neno "kama". Kama laki mbili. Anayesema laki mbili tupu ameshindwa, hata akiwa karibu na ukweli.

Mimi mchezo ule ulinifanya mwalimu wa hesabu. Deo, kwa kuwa ni kitinda mimba, alibaki na kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba, kama desturi yetu inavyotaka. Sikuwahi kumwonea kijicho. Kila nikipanda kwenda kwetu Uru tunacheza tena. Kuna majani mangapi kwenye migomba ya baba? Kahawa yote ya mteremko huu ina punje ngapi? Watu wengine wana ndugu wa kupiga nao soga, mimi nilikuwa na huyu wa kukisia naye.

Pasaka iliyopita mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi mfululizo. Tulisimama kwenye mfongo, ule mfereji uliochimbwa na mababu kuleta maji kutoka mtoni mpaka mashambani, kila nyumba kwa zamu yake, nao ulikuwa umejaa pomoni. Deo akasema, "Dada, hebu kisia. Zamu ya siku nzima inabeba lita ngapi?"

Nikatupa jani tukalifuata kwa macho. Upana kama mkono mpaka kwenye kiwiko, kina kama shibiri, mwendo kama nusu hatua kwa sekunde. Basi kila sekunde inapita ndoo moja na nusu, tuseme lita thelathini. Kwa saa moja ni kama laki moja. Kwa zamu ya asubuhi mpaka jioni, kama milioni moja.

"Milioni!" Deo alipiga kelele, tukacheka sana. Nikamwambia, kwa masika haya lakini. Kiangazi kikija ufute sufuri moja, pengine zaidi. Akasema anajua. Ndiyo, anajua, yeye ndiye anayeishi hapo.

Jana nilipanda kumwona Shangazi Apolonia. Ni dada yake baba, mjane. Alipofiwa, baba alimkatia kipande cha kihamba upande wa chini kabisa, na zamu yake ya maji ikawa Alhamisi. Nimeikuta migomba yake imekunja majani, na mboga ya mnafu aliyoipanda pembeni imekauka hata mbuzi haitaki.

Nikamuuliza, shangazi, maji vipi? Akaniambia zamu yake imekatwa. Sasa anapata asubuhi tu, kuanzia saa sita mchana maji yanaelekezwa kwa Deo, aliyepanda miche ya parachichi. Kikao cha wazee wa mfongo ndicho kilichoamua.

"Deo alisimama akasema mtaalamu wa mjini amepima," alinieleza. "Eti siku yangu moja ni lita milioni moja. Wazee wakashangaa, mwanamke mmoja na milioni ya nini? Hata nusu itamzidi."

Mtaalamu wa mjini ni mimi.

Nusu! Mtu yeyote aliyezaliwa mteremkoni anajua kwamba wakati wa kiangazi mfongo wenyewe hunywa kwanza. Udongo umepasuka, maji yakifunguliwa juu yanaloweka njia nzima kabla hayajamfikia mtu wa chini. Asubuhi yote inaishia humo. Ukimpa shangazi nusu ya siku hujampa nusu ya maji, umempa matope. Na hilo halihitaji shule, Deo analijua kuliko mimi.

Halafu shangazi, bila kujua, akanishika mkono. "Wewe si mwalimu wa hesabu, mama? Hebu nitafutie kosa la huyo mtaalamu."

Nikamjibu nitaangalia.

Nilimkuta Deo kwenye miche yake, akanikaribisha kwa bashasha zote. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Si ulisema mwenyewe, dada?" Nikamwambia nilisema masika. Akapangusa mikono kwenye suruali. "Kikaoni hakuna aliyeuliza masika wala kiangazi."

Hakuona hata aibu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi huyu nguo nilimvalisha mwenyewe akiwa mdogo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakubuni uongo wake. Angebuni namba yoyote ningemsamehe upesi. Alichukua ya kwangu, kitu tulichokuwa tunacheka nacho wawili, akakivua maneno yake yote na kukipeleka mbele ya wazee kumnyang'anya maji mama mtu mzima. Sasa najiuliza, siku ile ya Pasaka tulikuwa tunacheza, au mimi nilikuwa nacheza peke yangu?

Leo jioni nimempigia shangazi. Shikamoo ilipita, nikamwambia yote. Kwamba mtaalamu ni mimi, kwamba ilikuwa masika, na kwamba Jumapili baada ya misa nitakuja kikaoni kuwaeleza wazee jinsi Deo alivyowadanganya.



"Nilijiuliza," shangazi akasema, "mtaalamu gani anapima maji yangu asipite hata kunisalimia." Kisha akaniuliza kama Deo alijua kwamba namba ile ni ya masika. Nikasema alijua.

"Basi hilo usiwaambie. Njoo, waambie hesabu ulikosea wewe."

Nilipandisha sauti, Mungu anisamehe, nikampandishia shangazi sauti. Nikasema sikukosea! Akaningoja nimalize.

"Wewe unashuka mjini, mama. Mimi nabaki na Deo. Nikiugua usiku ndiye atakayenibeba, na nikifa ndiye atakayenichimbia kaburi hapa kihambani. Nataka maji yangu, na Deo namtaka vilevile."

Nikasema sawa, shangazi.

Kwa hiyo Jumapili nitapanda. Nitasimama mbele ya wanaume wale, mimi ninayelipwa kufundisha hesabu, niseme mwanamke huyu wa mjini alikosea. Watacheka kidogo, watatikisa vichwa, na nadhani Alhamisi ya shangazi itarudi nzima. Deo atakuwa amekaa palepale. Kati ya wanaume wale ni yeye peke yake atakayejua kwamba ile hesabu ilikuwa sahihi, na sijui akinyanyua macho kunitazama nitamtazama kama nani.